Mashimo ya Ng'ambo ya Kamilenda

Kin, kin, kin, halafu kup. Ndiyo sauti ya kigingi cha chuma kikipigwa nyundo kubwa, na ninaisikia hata leo nikiwa sokoni nasuka nywele za mutu, redio inalia pembeni. Mwanzoni chuma kinaimba kama kengele ya shule. Kikishauma ule udongo mwekundu wa chini kinaacha kuimba, kinatoa sauti nzito, ya mutu anayejipiga kifua. Ba Mwansa, mwalimu wangu wa kazi, alikuwa ananiambia nifumbe macho nisikilize. "Kikiimba bado, hata mbuzi ataking'oa," alisema. "Kikinyamaza, ni mujukuu wako atakayekikuta pale."

Mimi nimestaafu. Musicheke. Biro ya mipaka, yaani ofisi ya kugawa ardhi, imefunga kazi yake huku Mantapala, kwenye makazi yetu wakimbizi wa Kongo, ikanishukuru, ikanipa fulana yenye picha ya muti, na mutu akishapewa fulana ya kuagwa amestaafu, hata kama bado hajaolewa. Nasikia sasa wanatafuta wakalimani wapya upande wa Kenani, kambi ya kwanza tuliyopokelewa, ndiyo maana ninawaandikia ninyi, wadogo zangu, mutakaovaa kile kizibao cha rangi ya machungwa. Mambo ya mushahara na vyeo waulizeni wengine. Shule yangu iliishia darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha Pweto, Kongo, kilivuka ziwa ndani ya mutumbwi pamoja na mama na sufuria zake. Kibemba nilikipata huku, majini, kwa banamama, wanawake wa kijiji. Nitaeleza majini ni wapi.

Siku ya kwanza nilienda kazini na kandambili za maua na nywele mpya. Nilikuwa nimeota kwamba nitakaa ndani ya gari yenye vioo, nimeshika kalamu, wazee wa pande mbili wananisikiliza, halafu wanapeana mikono na mutu anatupiga picha. Ba Mwansa alinitazama miguuni. Ni mutu wa Nchelenge, mwembamba kama vigingi vyake, amebeba vyombo vya kupimia ardhi tangu enzi za munyororo wa chuma, kabla ya hiki kidude kinachozungumza na satelaiti.

"Ba Feza, tunaenda harusini?"

"Hapana, baba."

"Basi miguu yako haijaambiwa."

Akanipa gunia la vigingi nilibebe. Ile gari yenye vioo ilikuwa ya bwana ramani, afisa mwenye kidude, na kiti cha pili kilikuwa cha mufuko wake. Kwa hiyo la kwanza, wadogo zangu: viatu vya mupira vinavyofika gotini, na soksi ndefu. Nyoka hasomi kizibao.

La pili ni pa kusimama. Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kibemba cha wenyeji kuwa Kiswahili cha wakimbizi, na kukirudisha. Nilidhani nitasimama karibu na bwana ramani, nionekane. Ba Mwansa alinivuta mukono, akaniweka katikati ya pande mbili, jua likinipiga usoni. Ukisimama karibu na mukubwa, watu wanakuona wa mukubwa. Ukisimama kivulini na watu wako, umekwisha kuchagua. Na la maji, aliniambia hivi: "Ukinywa kwa wenyeji, nenda ukanywe na kwa wakimbizi. Kama tumbo halina nafasi, usinywe popote. Watu husahau maneno, kikombe hawasahau."

Gumu zaidi lilikuwa matusi. Alinikataza kulainisha. Mutu akitukana, nami nitukane vilevile, kwa "mimi" yake, kama vile ni mimi nimekasirika. "Ukiweka sukari, watapigana baadaye wewe ukiwa umekwenda kulala." Basi mchana nilikuwa ninatukana kwa niaba ya wazee wenye mvi, jioni ninaomba msamaha kwa Mungu. Sijui Mungu alihesabu matusi yale kwa nani.

Sasa ardhi yenyewe. Kamilenda ni kijito, si muto wa kutisha, musichana anaweza kukiruka wakati wa kiangazi akishika sketi. Magharibi yake kuna kijiji cha wenyeji. Mashariki, wakati tulipoletwa kutoka Kenani, tuliambiwa kuna pori tupu, tutapimiwa mashamba pale. Halikuwa tupu. Huku mihogo haiwekwi ghalani, ghala ni udongo. Mwanamuke anaacha mihogo michungu ardhini mwaka, na mwaka mwingine, majani yanaifunika, naye anajua iko pale kama unavyojua sufuria yako iko jikoni. Mugeni akipita anaona vichaka. Watu wetu walipokata vichaka wakakuta mihogo minene chini, walipiga magoti wakamushukuru Mungu, wakala. Mwenye ghala alipokuja na kikapu akakuta udongo umegeuzwa.

Ndivyo ugomvi ulivyoanza. Hakuna aliyekuwa mwizi moyoni, na ndiyo sababu kila mutu alikuwa na hasira safi. Vijana wa kijiji waling'oa mahindi yetu yakiwa yanafika magotini. Vijana wetu wakakata migomba yao. Halafu nyumba ya Papa Ilunga, muzee aliyekuwa anaongoza kamati ya wakimbizi, ikachomwa mchana, yeye akiwa kanisani. Hakuna aliyekufa. Lakini ilikuwa nyumba yake ya pili kuchomwa, ile ya kwanza ilibaki Kongo na watu wawili ndani. Tangu hapo Papa Ilunga aliacha kusalimia wenyeji.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na Bana Chanda. Jina lake lingine sijawahi kulitumia, huku mwanamuke anaitwa kwa mutoto wake, na Chanda ndiye mutoto wake wa kwanza, rika langu. Tulipofika, mama alijua kuloweka mihogo, kwao walikula hiyo hiyo, ila hakuwa na pa kulowekea. Ukingo wa magharibi wa Kamilenda ni muchanga, maji yanakimbia. Ukingo wa mashariki una udongo mweusi wa kufinyanga, maji yanakaa, na pale banamama wa kijiji walikuwa na mashimo yao, yamejengewa mawe, ya mama na ya bibi na ya mama yake bibi. Mihogo michungu inakaa mle hadi kidole kinazama ndani yake kama ndani ya mukate. Ikitoka kabla ya hapo ina sumu. Bana Chanda alimutazama mama amesimama na beseni, hakuuliza tumetoka wapi, akachukua jembe akatuchimbia shimo dogo kando ya la kwake.

Shimo la mutu lina sheria. Mihogo ikiwa majini haiguswi na mukono mwingine, hata wa rafiki, hata wa shemeji. Atakayeigusa ni mwizi ao ametia kitu, sumu ama uchawi. Mimi na Chanda tuliketi pale miaka yote, kila mumoja na shimo lake, tukimenya na kucheka. Tulikuwa tunafungua saluni, kwa maneno tu. Ilikuwa Nchelenge, karibu na pale maboti yanapotoka ziwani, yenye dirisha la buluu.

"Wewe utasuka, mimi nitapokea watu," Chanda alisema.

"Utapokea kwa nini? Wewe ndiye unayejua kusuka."

"Kwa sababu wewe ukipokea watu unawahurumia. Utawasuka bure."

Na pale pale ndipo banamama wanapoogea wakimaliza kazi. Shikeni hilo. Mwanaume hapiti huko. Akipita, nyimbo atakazoimbiwa zitamufuata hadi kaburini, na jina lake litabadilika.

Kabla ya kupima walitupeleka kwenye mafunzo, ndani ya hema. Alikuja muzungu mumoja mwenye sauti ya polepole, akatueleza habari za Wanavajo na Wahopi, watu wawili wa Amerika, waliotumia ardhi moja kwa muda mrefu, wakigombana na kupatana. Akasema serikali iliwagawa kwa sheria na mustari, ikapitisha waya, na watu waliojikuta upande usio wao wakahamishwa, wengi, pamoja na wazee ambao hawakujua kuishi penginepo. Na kondoo wao wakapunguzwa. Nililia kidogo juu ya kondoo, nina aibu kusema. Ba Mwansa alinyoosha mukono.

"Ile waya bado iko?"

"Iko," muzungu akajibu.

"Na wao?"

"Wako."

Ba Mwansa akashukuru, akakaa. Wakati wa chai aliniambia alitaka tu kujua kipi kilioza kwanza, waya ao watu.

Siku ya kupima walikuja wanaume. Sulutani wa kijiji, ndivyo wanavyomuita mukubwa wa kijiji huku, na wazee wake. Papa Ilunga na kamati yake. Bwana ramani na kidude. Mwanamuke nilikuwa mimi tu, nami nilikuwa mudomo wa watu. Sheria ilikuwa rahisi: kila upande uonyeshe alama zake. Kaburi ni alama. Muti uliokatwa matawi zamani ni alama. Matuta ya kale, msingi wa nyumba, vilevile. Asubuhi yote ilikwenda vizuri hadi nikaanza tena kuona watu wanapeana mikono. Papa Ilunga alikubali kurudisha yale mashamba ya kusini yaliyokuwa maghala ya wenyeji. Nilipogeuza maneno yale kwa Kibemba wazee wa kijiji waliguna kwa furaha, na sulutani akavua kofia.

Halafu tukafika Kamilenda. Bwana ramani alisema kijiji kina pampu ya maji, makazi ya wakimbizi upande huu hayana, kwa hiyo itakuwa haki kijito chote na ukingo wa mashariki viwe vya wakimbizi, badala ya yale mashamba. Akamuuliza sulutani kama kijiji kina alama yoyote ng'ambo.

Nilisubiri. Nilimutazama sulutani, naye alitazama maji.

Nikasema kwa mudomo wangu mwenyewe. "Samahani, bwana. Ng'ambo kuna mashimo ya kuloweka mihogo. Ni ya banamama wa kijiji. La kwetu pia liko, ila walitupa wao."

Sulutani aligeuka. "Huyu musichana ni mukalimani ao ni shahidi?"

Watu walicheka, wa pande zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile wacheke pamoja.

"Sulutani, ni kweli kuna mashimo?" bwana ramani akauliza.

"Mimi nitajuaje? Mimi ni mwanaume." Wazee wakatikisa vichwa. Mumoja nyuma akamunong'oneza jirani kitu, wakazuia kicheko. Sulutani akaona, akarudisha kofia kichwani. "Pale hakuna kitu cha kijiji hiki. Geuza, musichana."

Nikageuza. Kwa "mimi" yake, kwa sauti yake, kama nilivyofundishwa.

Ba Mwansa aliniuliza pembeni kama nilichosema ni kweli. Nikamuambia ni kweli, nimekulia pale. Akaenda akasema na bwana ramani, nikaona bwana ramani akifungua mikono: mukubwa wa kijiji amekana mbele ya watu wake wote, yeye mugeni amusahihishe kwa nini? Ba Mwansa akarudi akachukua nyundo. Kigingi kile kiliingia haraka kwenye ukingo wa magharibi, muchanga ni laini.

Kulipopambazuka Bana Chanda na wenzake walikuwa mulangoni kwa sulutani. Nilikuwapo, maana walinipitia.

"Batata," Bana Chanda alimuambia, ndiyo "baba" kwa Kibemba, akichuchumaa kwa heshima lakini sauti imesimama, "jana jioni ulikula nini?"

"Ubwali, mayo. Kwani huku kuna kingine?" Ubwali ni ugali, na mayo ni mama.

"Ubwali wa nini?"

"Wa mihogo."

"Na hiyo mihogo ililala wapi kabla ya kuja tumboni mwako?"

Sulutani aliwatazama watu waliokuwa wanakusanyika. "Mayo, ulitaka nisimame mbele ya wageni niseme ninajua banamama wanakoogea? Wangeniuliza nimejuaje. Nimewaletea mashamba yenu. Maji ya pampu yapo, tumieni mapipa."

"Pipa moja kwa nyumba ngapi?"

"Sasa hilo ni jambo la banamama," sulutani akasema, akaingia ndani.

Ilikuwa mwanzo wa baridi. Maji ya pampu katika pipa la chuma wakati wa baridi, mihogo inakaa mle kama mawe. Kule kijitoni, katika ule udongo mweusi, ingekuwa imelainika zamani. Na nyuma yako kuna foleni ya jirani anayetaka pipa, na watoto hawajui kungoja. Basi wakaanza kuitoa mapema. Wakaikata vipande vidogo, wakaianika, wakaitwanga, wakasema moto utamaliza kilichobaki. Kitoweo kilikuwa majani matupu, samaki wa ziwani hawafiki kwa kila mutu.

Upande wetu Papa Ilunga aliweka vijana kulinda ukingo. Nilimufuata nyumbani kwake, ile ya tatu, bado inanuka udongo mbichi.

"Papa, tuwaachie mashimo tu. Kijito kibaki chetu."

"Ile kijito banatupatia beye wenyewe, mbele ya bwana ramani. Feza, mutoto yangu, shiye wakimbizi, nani alishatupatiaka kitu?"

"Bana Chanda alitupa shimo."

"Na kijiji yake ikanichomea nyumba." Hakusema kwa ukali. Alinipa karanga. "Mashimo tukibaachia, kesho batasema na miti ni yao, kesho kutwa na ukingo. Niko najua hii hadithi. Ilianzaka hivyo kwetu."

Vijana walifukia mashimo ya kijiji kwa muchanga, wakapanda kabeji. Kabeji zilistawi sana. Shimo letu dogo waliliacha kwa sababu ni letu.

Nikaenda kwa Bana Chanda nikamuambia lete mihogo yako, nitailoweka katika shimo letu. Hakukasirika. Alinishika shavu kama nina homa.

"Ba Feza, mihogo yangu katika mukono wa mutu mwingine? Chanda ananyonyesha. Mutoto akiumwa tumbo tu, kijiji kitasema ni wewe. Halafu watakuja na moto tena. Acha, mwanangu."

Chanda alikuwa nyuma yake, mutoto mugongoni. "Muache, usimupe kazi nyingine," alisema. "Ana ya matusi tayari."

Baridi ile ilikuwa haijaisha. Asubuhi moja Chanda alitaka kuinuka kwenye mukeka, miguu ikakataa. Haikuvimba, haikuwa na kidonda. Ilinyooka na kukaza kama mitwangio, halafu vidole vikapindia ndani, goti moja likapita mbele ya lingine kama mukasi. Walimubeba kwa baiskeli hadi kliniki ya makazi, na mimi nikaitwa kutoka mashambani nikageuze maneno, maana mwuguzi alikuwa mwenzetu wa Kongo na Kibemba chake kilikuwa cha kununulia nyanya.

Mwuguzi alimupima, akaniuliza wanakula nini na wanaloweka vipi. Nilimujibu. Akaniambia, akinitazama mimi, kwamba kwetu Kongo ugonjwa huu unaitwa konzo, unatoka kwenye mihogo michungu isiyokaa majini ya kutosha, hasa kama hakuna samaki wala maharagwe. Unapiga watoto na wanawake wanaonyonyesha. Hautazidi akila vizuri. Lakini miguu haitarudi.

Wadogo zangu, haya hawawafundishi ndani ya hema. Nilikuwa na "mimi" ya mwuguzi mudomoni na macho ya Chanda mbele yangu. Nilijua kuweka sukari. Sikuiweka. Nikasema, "Miguu yako haitarudi."

Chanda alilipiga paja lake kwa kiganja, kama mutu anayejaribu tikiti.

"Haiumi," alisema. "Ningependa iume." Baadaye, tukisubiri baiskeli, akasema, "Mimi ndiye nilikuwa wa kupokea watu. Basi ni sawa, mupokeaji anakaa."

Mukutano uliitishwa kwa sababu niliwasumbua watu hadi wakauitisha. Bwana ramani alisema wazi kwamba kigingi kinaweza kusogezwa, kama pande mbili zikikubali. Nilisimama katikati, jua usoni. Sulutani hakuja, alimutuma mudogo wake aseme mashamba ya kusini yanaendelea vizuri. Bana Chanda alikuja peke yake, akachuchumaa mbele ya Papa Ilunga, na nyuma ya Papa Ilunga vijana wakasimama.

"Mwambie mutoto wangu anatambaa," Bana Chanda alisema. "Ana mutoto mugongoni na anatambaa."

"Mutoto wangu anatambaa," nikasema kwa Kiswahili. "Ana mutoto mugongoni na anatambaa."

Papa Ilunga aliweka mikono juu ya magoti.

"Mwambie ninasikia uchungu yake. Mwambie na mimi batu bangu balikufa ndani ya moto, na sikupewa kijito. Kama nikifungua leo, hawa vijana watasema niliuza maji yao. Sikufunga kwa sababu ya mutoto yake. Lakini siwezi kufungua."

Nikageuza. Bana Chanda alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi mawili ya heshima kama inavyopasa, akainuka akaenda. Vijana walianza kuzungumza habari za mupira.

Papa Ilunga aliniita. "Feza, weye ulizaliwa Pweto ao ulizaliwa kwa Bana Chanda?"

"Pweto, papa."

"Basi."

Kizibao changu kilikuwa kimelowa mugongoni. Nilikivua. Ba Mwansa aliketi karibu nami juu ya gunia la vigingi, akasema jambo moja la kazi, na ndilo ninalowaachia kuliko yote. Siku moja kabla ya kigingi, ombeni banamama wawatembeze. Si wazee. Banamama, na vikapu vyao, mahali wanapokwenda kila siku. Wapi wanachota, wapi wanaloweka, wapi wanazika watoto wachanga wasiopewa jina. "Mimi sikuwahi kufanya hivyo," alisema, "na nimezeeka." Mwezi ule ule alirudi Nchelenge kwa wajukuu wake, na kazi ikafungwa, nami nikapata fulana.

Mupaka haujasogea. Sisemi hivi ili muogope kazi. Ni kazi nzuri, na mimi ni mutu wa kuota, bado ninaota. Ninasuka nywele chini ya turubai, na wiki iliyopita nilimubeba Chanda kwa baiskeli akakaa kwenye kiti changu, akawaambia wateja bei ya juu kuliko yangu, nao wakalipa. Lakini kuna nyumba nyingine kijijini ambako mutoto wa kiume ameanza kutembea juu ya vidole, na mama yake anasema amejifunza mwenyewe kwa muchezo.

Juzi, wakati wa chakula cha mchana, vijana wa ukingo wakiwa wamekwenda kula, nilishuka Kamilenda kutazama mihogo yetu. Karibu na kigingi, upande wa magharibi, Bana Chanda alikuwa amesimama na kikapu kichwani. Alikitua chini, kando kabisa ya chuma, kikiwa kimejaa mihogo iliyomenywa, myeupe. Hakunisalimu na mimi sikumusalimu. Aligeuka akapanda njia ya kijiji bila kikapu.

Nilivuka nikakichukua. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Shimo letu ni dogo, halibebi ya watu wawili. Nilitoa jiwe linaloikandamiza, nikabonyeza muhogo wetu kwa kidole, ulikuwa mugumu bado, haujafika hata nusu. Niliitoa yote, nikaitupa juu ya kabeji. Halafu nikaingiza ya Bana Chanda, mumoja mumoja, hadi maji yakaifunika.